Usilaumu mkono wako, laumu shaba

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni kijana wa Tukuyu, ninajenga mfano wa meli ya MV Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha 1 kwa 100. Mwili wa meli nimeshaumaliza kwa mbao. Kinachonitesa ni vyuma vidogo: reli za sitaha, boladi za kufungia kamba, devit za kushushia mashua, na nanga. Nachukua waya wa umeme wa shaba, naumenya, nalehemu kwa pasi ya wati 25 niliyoazimwa na fundi simu. Nikiunga nguzo ya tatu, ya pili inadondoka. Nikiirudia ya pili, ya kwanza inadondoka. Mwisho nabaki na bonge la risasi. Sina mashine ya kukereza. Je, vitu hivi vinatengenezeka kwa mkono kweli, au niagize nje? Na nanga nataka kuimimina kwa risasi ya betri mbovu ya gari, ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka. Si kwa kukudharau. Bonge hilo la risasi nalijua vizuri, ninalo moja hadi leo ndani ya kopo la misumari hapa nyumbani Mbeya. Lilikuwa liwe ngazi ya meli yangu ya kwanza. Nililehemu usiku kucha, na alfajiri nikawa na kitu kinachofanana na kinyesi cha kuku wa kienyeji.

Nikujibu kwanza lile la kuagiza nje. Usiagize. Vyuma vyote ulivyovitaja vinatengenezeka mezani, kwa koleo, tupa, kibano na pasi ya kulehemu. Ila si kwa namna unayoendelea nayo sasa. Mkono wako hauna kosa. Makosa ni matatu: metali uliyoichagua, pasi uliyoiazima, na kufanya kazi bila jigi, yaani kifaa cha kushikilia vipande visisogee. Tukiyarekebisha hayo, nguzo zako zitasimama.

Tuanze na metali. Shaba nyekundu, yaani hiyo ya waya wa umeme, hukimbiza moto kuliko karibu metali zote utakazozipata mtaani. Ni fedha tu inayoizidi, tena kidogo. Ndiyo maana wanatengenezea sufuria nzuri. Brasi, ile shaba ya njano, hupitisha moto kama robo tu ya shaba nyekundu. Chuma cha kawaida ni kidogo zaidi, kama sehemu moja kwa nane. Sasa itazame reli yako. Unapogusa kiungo cha tatu, moto haukai hapo kwenye kiungo. Unakimbilia pande zote mbili za waya kama maji kwenye mfereji wa kumwagilia, na jirani aliyeko milimita 15 anaupokea ukiwa bado mkali. Lehemu ya kawaida, ile yenye bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 183 tu, na ikifika kama 190 imeshakuwa maji. Hapo nguzo ya pili lazima idondoke.

Kosa la pili linalitia chumvi la kwanza. Mwanafunzi anayeogopa kuunguza kazi hutafuta pasi dhaifu, akidhani moto mdogo ndio salama. Ni kinyume chake. Ni kama kuchoma mahindi kwenye jiko lenye makaa mawili: utakaa nayo mpaka punje zikauke ndani kabla hazijababuka nje. Pasi ya wati 25 ikigusa shaba inanyonywa joto lake papo hapo, kwa hiyo unailaza pale sekunde 8, sekunde 10, ukisubiri lehemu iyeyuke. Muda wote huo moto unasafiri kwa majirani. Pasi ya wati 60 yenye ncha bapa kama ya patasi hugusa sekunde moja au mbili, lehemu inamwagika, unaondoka, na jirani hajapata habari. Rudisha hiyo ya fundi simu kwa shukrani (ndaga fijo, mwambie) na uulize wale wanaotengeneza redio na vikuza sauti. Wao huwa na nzito.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo maelekezo ya watu wa pwani hayatakuambia. Mwezi wa 6 na wa 7, Mbeya na Tukuyu, upepo ukipita dirishani unaipoza ncha ya pasi waziwazi, na waya wenyewe unaanza kazi ukiwa baridi kama kisu cha buchani. Usijaribu kutibu hilo kwa kufunga madirisha yote na kuwasha jiko la mkaa miguuni. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua, na moshi wa kulehemu unakera mapafu. Kaa kando ya dirisha lililo wazi kidogo, weka kipande cha kadibodi kizuie upepo usipige kazi moja kwa moja, na vaa koti.

Basi waya gani? Hapa inabidi tupige hesabu, maana kipimo ndicho kinachoamua. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo mfano wako ni sentimita 71. Kila sentimita moja ya meli ya kweli ni sehemu ya kumi ya milimita kwako. Nguzo ya reli ya kweli yenye unene wa sentimita 4 au 5 inakuwa milimita 0.4 au 0.5. Sasa waya wa nyumba unaouita mwembamba, ule wa milimita mraba 1.5, ukiupima kipenyo ni karibu milimita 1.4. Maana yake umesimamisha kwenye sitaha nguzo zenye unene wa sentimita 14! Hata zingelehemika vizuri, jicho la mtu lingekataa bila kujua sababu. Nimeona mifano mingi ya meli iliyochongwa kwa ustadi ikaharibiwa na reli nene kama uzio wa ng'ombe.

Kwa nguzo, tafuta mabaki ya kebo ya mtandao wa kompyuta, ile ya ndani ya ukuta. Ndani yake kuna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, kila moja ni shaba ya uzi mmoja wenye kipenyo cha nusu milimita. Mafundi wanaofunga intaneti maofisini huacha vipande vya mita nzima sakafuni. Ila kagua kabla ya kubeba: kwangua kwa wembe, ukikuta weupe ndani basi ni alumini iliyopakwa shaba juu, iache. Najua umeshaanza kuniuliza, mzee, si umesema shaba nyekundu ni mbaya? Nguzo inaweza kuwa shaba, kwa sababu ni fupi na haigusani na nguzo nyingine. Kinachobeba moto kutoka nguzo hadi nguzo ni reli ndefu ya mlalo. Hiyo ndiyo usiifanye ya shaba. Tumia uzi wa gitaa, ule mwembamba kabisa usiozungushiwa waya mwingine. Ni chuma kigumu kilichopakwa bati, kipenyo chake ni kati ya milimita 0.23 na 0.30, kimenyooka kama uzi wa pima maji, na kinapitisha moto kwa shida. Muulize mpiga gitaa wa kwaya yoyote. Nyuzi zilizokatika huwa hawatupi, huzikunja na kuziweka ndani ya sanduku. Kinachokatika ni mahali pamoja tu, kilichobaki ni mali yako.

Waya wa shaba uliotoka kwenye kebo umejikunjakunja. Usiunyooshe kwa vidole. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, vuta taratibu kwa nguvu inayopanda. Kuna mahali utausikia mkononi unajinyoosha ghafla, kama unalegea. Acha hapo. Umepata waya ulionyooka kabisa, umekuwa mgumu kidogo, na umepungua unene kwa unywele. Huo ukiukata vipande, haupindi ovyo unapouchomeka.

Sasa jigi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wengi wanapoona uvivu. Piga hesabu tena. Tuseme reli inazunguka sitaha moja kutoka omo hadi tezi na kurudi, ni mita 142. Nguzo kila mita moja na nusu zinakuwa karibu 95. Hakuna binadamu atakayesimamisha nguzo 95 moja moja, kwa macho, zikalingana. Hata nguzo 10 hazitalingana. Kwa hiyo siku ya kwanza usitengeneze reli hata moja. Tengeneza kitu cha kuishikilia reli.

Chukua ubao mgumu uliorandwa vizuri, mninga au mkongo, mrefu kama mkono wako kuanzia kiwiko. Paini ya huku haifai, ni laini na ina utomvu, moto utaichimba. Chora juu yake mistari ya kusimama kila milimita 15, na mistari miwili au mitatu ya kulala: mmoja kwenye milimita 10 kutoka chini, kwa sababu reli ya kweli hufika mita moja hivi, mwingine kwenye 6 au 7, na mwingine kwenye 3. Kwenye mistari ya kusimama kata vijia vyembamba kwa msumeno wa chuma, kina cha robo milimita tu, waya uingie nusu na nusu ubaki nje. Mistari ya kulala usiikate. Kwenye kila mwisho gongea misumari midogo ya fundi viatu, nyuzi za gitaa uzivutie hapo na kuzifunga zikaze kama kamba ya kuanikia nguo. Nguzo zinalala kwenye vijia, nyuzi zinapita juu yake, kila makutano yanagusana yenyewe bila wewe kushika kitu. Hapo ndipo mikono miwili inatosha kwa kazi iliyokuwa inahitaji minne.

Nguzo zikate ndefu, zizidi mstari wa chini kwa milimita 3. Hiyo ni mizizi yake. Utatoboa tundu kwenye sitaha na kuichomeka humo. Reli iliyobandikwa juu ya rangi kwa gundi tupu itang'oka siku mtoto atakapoigusa, na atagusa.

Kabla ya moto, safisha. Liemba yenyewe ina kisa cha jambo hili. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, wakaifungua vipandevipande, ikasafiri kwenye masanduku elfu kadhaa mpaka Kigoma, ikaungwa upya huko. Mwaka 1916, vita vilipowabana, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo ikaonekana bado ina uhai, na mwaka 1927 meli ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Grisi ilizuia maji na hewa visifike kwenye chuma. Na ndivyo hivyo mafuta ya vidole vyako yanavyozuia lehemu isifike kwenye waya. Sugua kila kipande kwa msasa laini mpaka king'ae, kioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, kausha, kisha usikishike tena kwa vidole, tumia kibano. Lehemu inayokaa kama tone la umande badala ya kutandaa inakuambia kitu kimoja tu: hapa pachafu.

Halafu flaksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike. Unaishi karibu na misitu ya paini, usihangaike. Flaksi ya mafundi redio, ile ya rangi ya asali, asili yake ni utomvu wa paini uliochujwa na kuondolewa tapentaini. Pale Sao Hill, Mufindi, wamekuwa wakigema utomvu huo kwenye miti. Ukipata kipande kilichokwisha kukauka na kuwa kama kioo, kisage, kiyeyushe kwenye spiriti, upake kwa brashi ndogo. Utomvu mbichi usiuchemshe ndani ya nyumba, mvuke wake unashika moto vibaya sana. Kama huna subira, kikopo cha flaksi kwa mafundi simu si ghali. Ninachokukataza ni kutumia asidi ya betri au ile ya mafundi bati kwenye reli hizi. Inasafisha kweli, lakini mabaki yake yanajificha kwenye viungo, na kwa unyevu wa Tukuyu mvua ya kwanza tu utaona kijani kinachungulia kupitia rangi nyeupe. Yalinikuta. Nilikwangua reli ya upande mzima wa kushoto.

Namna ya kulehemu ni hii. Usipeleke waya wa lehemu kwenye kazi. Kata lehemu vipunje vidogo kama mtama, au kama ulezi ukiweza, weka kimoja kwenye kila makutano, kinanata chenyewe kwenye flaksi. Futa ncha ya pasi kwenye sponji yenye maji, iguse kwenye makutano upande wa nguzo, hesabu moja, mbili, toa. Usifuate mstari nguzo moja baada ya nyingine. Ruka. Unga ya kwanza, nenda ya tano, nenda ya tisa, rudi ya pili. Kila kiungo kinapata muda wa kupoa kabla jirani yake hajaguswa. Ukiona bado kimoja kinakusumbua, bandika karatasi laini yenye maji juu ya jirani, au mbane kwa klipu ya mamba. Vyote vinanyonya moto kabla haujafika.

Kuna ujanja mwingine kwa vitu vyenye viungo viwili vilivyokaribiana sana, mfano ngazi au kitako cha devit. Tumia lehemu mbili tofauti. Ile mpya isiyo na risasi, ambayo karibu yote ni bati na shaba kidogo, huyeyuka kwenye nyuzi 227. Unga nayo kiungo cha kwanza. Cha pili unga kwa ile ya 60 kwa 40, ya nyuzi 183 hadi 190. Ukiwa mwepesi wa mkono, cha kwanza hakitikisiki. Masonara hufanya hivyohivyo kwa lehemu za fedha, ila wao wako juu ya nyuzi 600, kwa mwali wa gesi na boraksi, ile ambayo wachimbaji wa Chunya huyeyushia dhahabu. Kwa meli hii huhitaji kufika huko, isipokuwa devit, na hata hizo nitakuonyesha njia.

Sehemu ya kuwekea kazi unapotumia mwali: usiweke juu ya saruji, hupasuka na kurusha vipande. Mimi natumia kigae cha chungu cha Wakisi. Vyungu hivyo vinafinyangwa huko Ikombe, jirani na Matema, na sokoni havikosekani vilivyovunjika. Udongo ulioiva motoni hauogopi mwali wako mdogo, wala hauibi joto kama chuma kinavyoiba. Kianike tu kwanza, kisiwe na maji ndani.

Boladi sasa, na hapa utafurahi. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe nipo za spoki, vile vikofia vinavyokaza spoki kwenye rimu. Chukua zile za brasi. Nyingi zimepakwa weupe juu, kwangua utaona unjano. Kiwiliwili chake ni kama milimita 4, kichwa chake kipana kidogo. Boladi ya kweli yenye unene wa sentimita 30 kwako ni milimita 3, ina kifuniko kinachotokeza juu ili kamba isichomoke. Nipo imeshazaliwa na umbo hilo! Ibane kwenye drili ya umeme, drili uibane kwenye jiliwa, iwashe polepole, kisha lalisha tupa ndogo kwenye kiwiliwili mpaka kifike 3. Hiyo ndiyo mashine yako ya kukereza. Vaa miwani. Kata urefu mmoja, simamisha mbili mbili juu ya kipande cha bati la kopo, lehemu kutokea chini ili juu pabaki safi. Zikate zote kwa siku moja, kwa kipimo kimoja. Boladi inayotofautiana na pacha wake kwa nusu milimita inaonekana kutoka mlangoni.

Bati la kopo nalo ulipende. Kopo la chakula la chuma kilichopakwa bati lina unene wa kama milimita 0.2, linakatika kwa mkasi, na linanywa lehemu kama mchanga unavyonywa maji, ukishaondoa rangi ya nje na ile ngozi ya ndani kwa msasa. Kopo la soda usihangaike nalo. Ni alumini, lehemu ya kawaida haiikubali, labda ubandike kwa gundi.

Madirisha ya mviringo nitayapitia haraka. Zungusha waya wa nusu milimita kwenye msumari wenye unene unaolingana na dirisha, mizunguko 40 imebanana kama chemchemi ya kalamu, kisha kata kwa msumeno mwembamba kwa urefu. Zinadondoka pete 40 zilizolingana. Funga kila moja kwa kibano, igonge kidogo kwa nyundo iwe bapa, basi. Vile vijicho vya brasi vya fundi viatu ni vizuri kwa macho lakini ni vikubwa mno kwa 1 kwa 100.

Devit zitoe kwenye spoki yenyewe. Ni chuma cha milimita 2, yaani sentimita 20 za kweli, unene wa kutosha kwa kitako. Kwanza ipashe moto mpaka iwe nyekundu na uiache ipoe yenyewe taratibu juu ya kigae. Ukiitumbukiza kwenye maji inaweza kukakamaa na kukatika. Shaba na brasi hazina shida hiyo, unaweza kuzitumbukiza. Ikishalainika, ichonge kwa tupa iwe nyembamba kuelekea juu, ndipo uipinde kwenye bomba dogo au tako la drili. Mpangilio huo usiugeuze. Ukipinda kwanza, huwezi tena kuichonga sawasawa. Tengeneza mbili za kwanza, ziweke mgongo kwa mgongo, zikifanana endelea na nyingine.

Kabla hujaenda mbali, amua unajenga Liemba ya miaka gani. Ilikuwa meli ya mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli, na picha za zamani na za sasa haziko sawa kwenye sitaha. Ukichanganya utapata meli ambayo haijawahi kuelea. Kigoma na Kasanga, kwenye bandari za Ziwa Tanganyika, ni mbali na kwako, lakini boladi ni boladi. Siku moja ya jumamosi panda gari ushuke Kyela mpaka bandari ya Itungi, omba ruhusa, uangalie vyuma vya meli za Ziwa Nyasa zilizojengwa hapohapo, mfano MV Mbeya II. Pima kwa shubiri yako unene wa nguzo, urefu wa reli, umbali kati ya boladi na ukingo. Saa moja ya kushika chuma cha kweli itakufundisha kuliko picha 100 za simu.

Reli ikishatoka kwenye jigi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, halafu spiriti kuondoa flaksi yote. Ipake praima ya magari kwa kupuliza, matabaka mawili membamba, ikiwa bado nje ya meli. Rangi ya mwisho pia. Ndipo uichomeke. Gundi ile ya dakika moja tia kwa ncha ya sindano kwenye tundu, tone dogo kabisa, na uache madirisha wazi. Mvuke wake ukinaswa mahali padogo penye unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi, na haufutiki.

Nimeiacha nanga mwisho makusudi. Risasi ya betri, hapana. Betri ya gari haina kipande safi cha risasi kinachosubiri kuyeyushwa. Ina asidi, na ina ungaunga wa risasi ambao ukiupasha moto unauvuta wewe na kila aliye ndani ya nyumba, na watoto ndio unaowaumiza zaidi. Usiifungue kabisa. Hata lehemu unayotumia ina risasi: osha mikono kabla ya kula, na meza ya kulehemu isiwe meza ya ugali.

Nanga ichonge kutoka bati la kopo, vipande vitatu vilivyolaliana na kulehemiwa pamoja, kisha uimalizie kwa tupa. Au ukitaka kumimina kweli, tumia lehemu isiyo na risasi ndani ya kalibu ya jipsamu ya mafundi dari. Kalibu hiyo ikaushe siku kadhaa juani na kisha saa kadhaa kwenye joto. Mwaka mmoja wa masika mimi niliona imekauka kwa nje, nikamimina. Maji yaliyokuwa ndani yaligeuka mvuke kwa mara moja, na bati lililoyeyuka likaruka mpaka darini. Alama bado zipo, na mama watoto huwaonyesha wageni.

Na hata kama mtu angekupa risasi safi bure, bado ningekukatalia kwa sababu ya kabati. Mfano kama huu utauweka kwenye sanduku la kioo na mbao. Mbao, hasa mbichi, hutoa mvuke wenye uchachu, na ile silikoni ya kuunganishia vioo inayonuka siki hutoa zaidi. Ndani ya sanduku lililofungwa, mvuke huo unaila risasi polepole na kuigeuza unga mweupe. Miaka michache tu, nanga iliyochongwa kwa wiki nzima inakuwa chokaa, na ukiipuliza imekwisha. Kwa hiyo mbao za sanduku ziwe zimekauka kweli, silikoni iwe ile isiyonuka siki, na nyuma acha vitundu viwili vya hewa, uviwekee kitambaa cha chandarua kuzuia vumbi.